Saba ya Doto

Kwenye kadi yake namba iliishia saba. Kwenye kioo cha kompyuta iliishia sita. Doto aliliona hilo kabla karani hajafungua kinywa, akanyamaza, kama alivyozoea.

"Mwenye namba hii amefariki," alisema karani wa usajili, akimtazama mtoto aliyelala mgongoni mwa Doto. "Siwezi kumwandikia mtoto mlezi marehemu, dada yangu. Na asiye na mlezi hupelekwa kwenye makao ya yatima."

Sita ilikuwa ya Kurwa, pacha aliyemtangulia kuja duniani, akamtangulia na kuondoka, alipokuwa akimzaa mtoto huyu. Kadi zao zilitolewa siku moja, namba ndefu kama reli, zikitofautiana mkiani tu. Tangu utotoni watu waliwaona kitu kimoja. Shuleni, mwalimu alipoita majina, Kurwa alijibu "Tupo" kwa niaba ya wote wawili, darasa likacheka. Doto aliacha shule kabla ya kumaliza, na hakuwahi kujijibia.

Sasa mashine nayo ilikuwa imewazika pamoja. La kutisha ni kwamba moyo wake ulitulia. Tangu msiba alikuwa akiwaza kwamba kifo kilikosea mlango. Kumbe kilikuwa kimerudi kujisahihisha. Angeweza kuondoka zake kimya kimya. Ndipo mtoto akajinyoosha usingizini, akamsukuma mbavuni kwa kisigino.

"Mwisho ni saba," alisema. Karani hakusikia. Akarudia.

Karani akaiingiza namba upya, taratibu. Saba ikaandikika vizuri. Alipobonyeza kuhifadhi, ikageuka sita. Akaguna, akamwita fundi wa kompyuta.

Fundi alijaribu namba nyingine mbili tatu, kisha akavua miwani. Alieleza kwamba mashine iliambiwa izihifadhi namba hizi kama vipimo, vile vyenye nukta na desimali. Nafasi yake ina kikomo; namba ikirefuka kupita hapo, mashine hushika kichwa na kuuachia mkia.

"Yaani inabahatisha?" aliuliza karani.

"Haibahatishi, mama. Inamchukua jirani wa karibu. Ukipima gunia la saruji, nani atajua? Lakini watu hatuwajumlishi wala hatuwagawanyi. Namba ya mtu ni jina lake. Iandikwe kama jina, tarakimu kwa tarakimu."

Doto alingoja kwenye benchi, akimbembeleza mtoto, huku fundi akitengeneza na kunung'unika. Alipoitwa tena, kioo kilionyesha mistari miwili. Wa juu ulikuwa na neno la kifo. Wa chini ulikuwa wake, peke yake, na upweke wa mstari ule ulimchoma upya, kama udongo wa kwanza ulipogonga jeneza.

"Mwenye namba inayoishia saba," alisoma karani, kalamu mkononi. "Mlezi wa mtoto. Yupo?"

Doto alisubiri. Mazoea yalimfanya aisikilizie sauti ya pembeni yake. Haikuja. Mtoto alikuwa ameamka, anamtazama.

"Nipo," alisema.