Joka na Begi Lake

Mimi ndiye joka. Naanza na hilo kwa sababu nyumba nzima wanaona haya kulisema, hasa mkwe wangu, aliyenichora.

Kazi yake ni kuchora vitabu vya katuni vya watoto. Vimeshatoka sita, na watoto wanavigombania. Ndugu wawili, kaka na dada, wanapanda mlima wa chumvi kulinyang'anya joka taa ya kijiji chao. Joka lina magamba, mabawa na mkia wa kuzungushia uwanja wa mpira, lakini uso ni wangu: baka la kidevuni, nyusi moja juu kuliko mwenzake, miwani iliyofungwa kwa uzi. Alidhani sitajua. Nilijua tangu kitabu cha kwanza, nikanyamaza, maana alinitoa vizuri.

Mkwe wangu hawezi kubuni uso. Akitaka hasira, lazima aione kwanza. Basi hutoa kichwa nje ya chumba chake cha kazi.

"Mama, samahani, hebu kasirika kidogo."

"Nimkasirikie nani?"

"Yeyote tu."

Namfikiria yule fundi bomba aliyetuharibia sinki, na uso unakuja wenyewe.

"Hapo hapo, Mama, usisogee!"

Nasimama na mwiko hewani mpaka vitunguu vinaungua. Jioni mwanangu anarudi na kuuliza nani kaunguza chakula. Sanaa ndiyo imeunguza, namwambia.

Nilikuja hapa kwa mwezi mmoja tu, kumshika mjukuu ili mama yake amalize kitabu cha kwanza. Kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Mjukuu akaota meno, akayang'oa, akaanza shule, na mimi bado niko chumba cha wageni, wala hakuna aliyethubutu kuuliza mgeni anaondoka lini. Maadamu kulikuwa na kitabu, nilikuwa na sababu ya kuwapo. Mwanangu mdogo naye ana nafasi kwake, na kila mara ananialika. Kule naheshimiwa sana, yaani hakuna anayenisemesha.

Siku moja akaja mhariri, bwana mmoja wa viatu safi, akatangaza kwamba kitabu cha saba ndicho cha mwisho.

"Na joka lazima liishe," akasema. "Watoto wanataka mwisho."

Mimi nilikuwa naleta chai. "Liishe vipi?" nikauliza.

"Usijali, mama," akacheka, na kikombe akakipokea bila kunitazama. Sikumwongezea sukari.

Tangu siku hiyo mkwe wangu akawa anafunga mlango akifanya kazi. Haniiti tena. Nikajitolea mwenyewe: alipotoka kunywa maji alinikuta nimesimama mlangoni, nimekunja uso wote.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nipo tu."

Nikabadili mbinu. Nani ataua joka jema? Nikawa mpole. Nikasifu chakula chake, nikacheka mwanangu aliposimulia habari za ofisini, hata yule fundi bomba nikamwombea heri. Siku ya tatu mwanangu akanipeleka kupimwa presha.

Asubuhi moja mkwe wangu alikwenda kwenye kikao cha wazazi shuleni, akasahau kufunga mlango wa chumba cha kazi. Nikaingia na ufagio, ili nionekane nafagia. Mezani palikuwa na ukurasa mmoja, wino wake bado unakauka. Joka limesimama kwenye mlango wa nyumba. Mkononi lina begi, na begi ni langu, lile la kahawia lenye zipu mbovu niliyoifunga kwa kamba ya kiatu. Nikautazama uso. Macho yamelowa, na mdomo wa chini umeng'atwa, kama ninavyoung'ata mimi nisipotaka kulia. Huo mdomo aliuona lini? Sikuwahi kulia mbele yake.

Iliniuma, sifichi. Kufa ningekubali, kufa kuna heshima yake. Lakini kufungashwa virago! Baada ya vitunguu vyote vile!

Nikafungasha mwenyewe, nisisubiri kuambiwa. Magauni, dawa, na vile vitabu sita. Aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni na begi mkononi, hotuba yangu tayari. Sikupata kuitoa. Yeye aliangusha mkoba, akaanza kupapasa akitafuta penseli.

"Mama, usisogee!"

"Chora haraka," nikamwambia, "maana ndiyo mara ya mwisho. Nakwenda kwa mwanangu mdogo, kama ulivyopanga. Nimeuona ukurasa."

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaingia ndani, akarudi ameushika ukurasa kwa pembe zake.

"Mama, hapa ulitazama nini?"

"Uso. Nitazame nini kingine?"

"Na mkia?"

Nikavaa miwani. Mkia ulikuwa nyuma ya joka, nje ya mlango, umeshuka ngazi, umekata barabara, umepotea kilimani. Na huku ndani, pembeni kabisa, kaka na dada walikuwa wanasukuma meza ili joka lipate nafasi ya kukaa.

"Linaingia," mkwe wangu akasema. "Taa limeirudisha lenyewe, nao wamelikaribisha. Mhariri alitaka life, nikagombana naye kwenye simu wiki nzima. Ndiyo maana nilifunga mlango, usinisikie nikitukana."

Vitabu vyote hivyo, nami nilikuwa natazama uso wangu tu.

"Sasa kama linakaribishwa," nikauliza, "linalilia nini?"

Aliuweka ukurasa juu ya kiti, taratibu, akashika mpini wa begi karibu na mkono wangu.

"Linaogopa kuulizwa litaondoka lini."

Mimi nina jibu la kila mtu, muulizeni fundi bomba. Siku hiyo nililia palepale mlangoni, mdomo bila kuung'ata, naye alinitazama, na penseli hakuigusa.

Halafu nikalibeba begi langu, nikalirudisha chumbani kwangu. Nilipokuwa napita, nikamwambia pua ameichora kubwa mno.