Plastiki ya Kunasa Chembe za Angani

Tangu ahamie shule ile ya Old Kampala, Lakot alikuwa anakula posho yake, ule ugali wa shule, peke yake nyuma ya maabara. Muhula mzima hakuna aliyemuuliza jina. Ndipo Mwalimu Wanjala akamtia kwenye kikundi cha sayansi, akampa kazi moja tu: kufunga kipande cha plastiki walichoazimwa na chuo kikuu.

Kilikuwa angavu kama maji, kirefu kama rula. Chembe zinazoshuka kutoka angani zikikipita, kinatoa cheche ya buluu, ndogo hata macho hayaioni. Cheche ile inadundadunda ndani mpaka ifike kwenye kihisi pale mwisho, mashine inahesabu moja. Ndiyo maana kinafungwa karatasi ya rangi ya fedha, halafu tepu nyeusi, mwanga wa nje usiingie.

Jumatatu Lakot aliona kina alama za vidole. Alitamani Moreen, kiongozi wao, amwambie hata "umefanya vizuri". Basi akafanya kama kwao katika kambi ya jeshi ya Mbuya, baba yake anapong'arisha chuma cha mkanda kabla ya gwaride: tambara, petroli kidogo ya jenereta, sugua.

Plastiki ikajaa nyufa nyembamba kama nywele. Akaifunga haraka haraka.

Alhamisi wakawasha mashine. Kumi na moja kwa dakika. Ilitakiwa sitini.

"Odero, waya zako!" Moreen akamfokea aliyeunga waya. "Ulichomelea ama ulikuwa unapika chapati?"

"Dada, si angalia mwenyewe!"

"Toka kwa kikundi. Maonyesho ya sayansi ni Jumamosi, na wewe unatuharibia."

Odero akaanza kukusanya vitu vyake. Lakot akasimama mbele yake.

"Ni mimi."

"Eh! Kumbe huyu anaongeaga?" mmoja akauliza.

"Niliisafisha plastiki na petroli."

Mwalimu akabandua tepu, akainua plastiki dirishani, akaona nyufa zinazopoteza cheche.

"Chuo nitawaambia mimi," akasema. "Lakini Jumamosi mtaenda na bango tu."

Walipokuwa wanatoka, Odero akasimama mlangoni.

"Ungesema Jumatatu, tungezisugua hizo nyufa pamoja kwa msasa."

Akawafuata wenzake. Lakot alichukua msasa laini na beseni la maji, akaketi, akaanza kuisugua plastiki upande wa kwanza. Huko uwanjani alisikia Moreen akiwachekesha wengine, na sauti zao zikaenda zikipungua kuelekea getini.