Ngoma ya Korosho Kichwani Mwangu

Usiku wa jana niliota natafuta mlango wa kuingilia kichwani mwangu mwenyewe. Niliupata nyuma ya sikio la kushoto, umefungwa kwa kipande cha khanga. Nikainama, nikaingia.

Sikushangaa. Mchana wake daktari alikuwa ameniambia kizazi changu kizima na ovari zangu nzima, ila ubongo umeacha kuziamuru. Ndiyo maana sizioni siku zangu tangu kipupwe kilichopita, na mimba haishiki. Mimi mtu akiniudhi namfuata kwake.

Ndani kuna uwanja mdogo uliofagiwa. Korosho mmoja amevaa kofia, amekaa juu ya ngoma, anachokonoa meno.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Tumezaliwa siku moja, lakini nimeipokea. Umekuja na nini?"

"Mikono mitupu."

"Kama kawaida yako."

Chini yake, kwenye uzi, ananing'inia Njegere, ametega sikio. Kazi yake ni kuisikia ngoma na kutuma amri kwa njia ya damu mpaka kwa ovari. Akasema siku hizi hasikii chochote, anashinda akisinzia.

"Nataka mtoto," nikamwambia Korosho. "Mimi na mume wangu Mbaraka. Tumengoja mpaka tumechoka kuulizwa. Kwa nini hupigi?"

Akafungua ghala. Mlikuwa na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari, na nusu tango.

"Mimi ndiye chakula cha jioni," akasema Tango. "Nimechoka kusingiziwa."

"Huku kuna njaa, binti," akasema Korosho. "Na kila alfajiri unakimbia. Nilidhani tunakimbia vita. Mgeni haalikwi kwenye nyumba isiyo na unga."

Nikamweleza kwamba wifi yangu Sikudhani ndiye aliyesema mafuta yameziba kizazi, nikonde kwanza. Nami nikakonda kwa bidii, mpaka magauni yangu yote nikawagawia wenzangu.

"Wifi yako amewahi kuingia humu?"

"Hajawahi."

"Basi."

Hilo "basi" lilinikera. Nampora ngoma, naipiga mwenyewe, sipumziki. Njegere anaziba masikio. "Amri isiyo na mwisho naitii saa ngapi?" anauliza. Huko chini pacha wangu wawili, Ovari wa Kulia na Ovari wa Kushoto, wanajifunika shuka gubigubi na kugeukia ukutani.

"Ngoma ikilia sana hupasuka," akasema Korosho. "Unapiga, unanyamaza, unasubiri, unapiga tena. Na hiyo ngozi imelegea. Ngoma haipigwi mpaka iote moto, na mpigaji haanzi mpaka ale. Kwani kwenu hamfanyi hivyo?"

Kwetu tunafanya hivyo. Kwenye harusi yangu wapiga ngoma waligoma kabisa mpaka sinia la pilau lilipofika. Nikaona haya, kisha nikasikia njaa.

Tuko jikoni kwangu. Sijui tumefikaje. Korosho anaegesha ngoma kando ya jiko la mkaa ili ngozi ikaze, na juu ya jiko kuna kiporo cha wali wa nazi na maharage. Nakula kwa mkono. Korosho anakula. Njegere anakula huku bado ananing'inia. Tango akakataa kujumuika, akasema leo si zamu yake na ameridhika.

Korosho akapangusa mkono, akapiga mara moja. Ti. Kisha kimya. Nilitamani aongeze, nikajizuia. Njegere akaita kule chini. Ovari wa Kushoto akaketi, akafunga khanga kiunoni, akamwambia mwenzake, "Amka, tunaitwa."

Nikalia na wali mdomoni. Nilikuwa na furaha kweli.

"Usishangilie bado," akasema Korosho. "Sinia moja haliniondolei hofu ya njaa. Kesho utakula, keshokutwa utakula, na hivyo viatu vya kukimbilia mpe wifi yako."

Nikaamka. Mbaraka alikuwa amesimama mlangoni na sufuria tupu.

"Kiporo umekula wewe?"

Nikatazama vidole vyangu. Punje ya wali ilikuwa imegandia kwenye ukucha.

"Afadhali," akasema, na uso wake ukakunjuka. "Halafu ni jirani gani huyu mwenye ngoma? Usiku alipiga mara moja, nikangoja ya pili mpaka usingizi ukanipitia. Alfajiri nikamsikia tena, mara moja tu."

"Katikati alinyamaza?"

"Kimya kabisa."

Nikamwambia ngoma hiyo ni yetu, na chai yangu aitie sukari.