Ngozi ya Kubebea

...na shingo yenyewe nyembamba kama ya kuku aliyekosa mtama, ndiyo hiyo imeinama juu ya beseni la bluu, beseni ambalo Nyiramahoro amelishika kwa mikono miwili tangu mke wa mwanawe aanze kutapika, hapa nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na ukuta wa choo, na msichana anatapika kama anavyofanya kila kitu, kwa kelele, kwa kutaka kusikika, maana hata kupiga chafya huyu Chérie hawezi bila Kilibula nzima kupata habari, na Nyiramahoro amebana midomo, anapumua kwa ncha ya pua, anameza, anameza tena, kwa sababu na yeye kitu kimempanda mpaka kooni na kikivuka hapo basi ameisha, wamama wa kanisa wako sebuleni, mlango wa nyuma uko wazi, kuna pazia tu kati yake na masikio ya Mama Anne, na masikio ya Mama Anne tangu zamani ni marefu kuliko maombi yake... tapika, binti, tapika umalize, ulikula nini, ndagala za kukaanga na pilipili saa hizi za asubuhi, eti mtoto ndiye anayezitaka, mtoto ambaye bado hajafikia ukubwa wa harage tayari ana mdomo wa kuagiza, na Cyusa, mpumbavu niliyemzaa mwenyewe, anakimbia mpaka Kimanga kwa wakwe zake kuzileta zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, nyumba yote inanuka ziwa, godoro linanuka ziwa, hata Biblia imeshika harufu, na mama mkwe asiseme kitu kwa sababu mtu ana mimba, ana mimba, jamani, kama vile ni yeye aliyeivumbua.

Mimi nilipokuwa na huyo Cyusa tumboni nani alinishikia beseni, anajiuliza, nani, kule Rurambo alitembea nyuma ya ng'ombe akitapika kwenye majani huku anaswaga, anapangusa mdomo kwa mkono, anaswaga tena, na mama mkwe wake, marehemu, Mungu amweke mbali na milango, alisema kutapika ni kazi ya wavivu, basi hilo ndilo beseni lake, na leo beseni la bluu, maji ya uvuguvugu, kitambaa begani, pole binti, pole, shika vizuri usije ukamwagia miguu yako mwenyewe... huko sebuleni wanacheka, wanamwita nyogokuru tayari, nyogokuru wetu, bibi wa mtoto, Mama Anne anasema kitu kuhusu jina, kama atakuwa wa kiume... na vikombe vinagongana, ni yale maziwa, ee Mungu, usifikirie maziwa, wamekuja nayo wenyewe, bidoni la njano zima, ya kuganda, yameshuka mlimani jana juu ya pikipiki, ni zawadi kwa mwenye mimba, na nani aliyeyamimina kama si yeye, alisimama juu ya vile vikombe, ule uchachu ukampanda puani, moshi wa kibuyu, samli, jasho la ndama, harufu aliyozaliwa ndani yake, harufu ya mkono wa mama yake, na akageuza uso ukutani, yeye, binti wa mtu aliyejua kila ng'ombe kwa mlio wake, anachefuliwa na maziwa, aibu gani hii, mtu wa kwao akisikia atadhani amerogwa, na kuyakataa hawezi, kwao hakuna anayekataa maziwa mbele ya aliyeyaleta, ndiyo maana mara ya kwanza walipokuja nayo aliwaambia yuko kwenye kufunga, anafunga kwa ajili ya mimba ya mkwe wake, na wale wanawake wakatingisha vichwa, wakasifu, Jumapili mchungaji akamtaja mbele za watu, mama mwenye kufunga, mfano kwa wamama, naye akakaa kwenye benchi akimeza mate, kwa uongo ule mmoja sasa hawezi hata kula ndizi mchana bila kujifungia chumbani kama mwizi.

Chérie anapumzika, anatema, anashusha pumzi, halafu mgongo unapanda tena... bado, kumbe bado, na Nyiramahoro anatazama pembeni, anatazama kamba ya nguo, chupi za msichana zenye maua zimeanikwa palepale watu wote wazione, na mgomba ule karibu na choo, umenenepa mwaka huu, majani yake mapana kama hema la harusi, na mawazo yanashika njia ile ile asiyotaka, harusi, hema, ile siku, nani alimtuma kuchukua kile kipaza sauti, hakuna, kiburi tu, alisimama akiwa amevaa mshanana mpya, akaleta ile ngozi ya kubebea, ngozi ya ndama aliyobebewa yeye mwenyewe mgongoni kwa mama yake, laini kama sikio, bado inanuka samli, akaifunua mbele ya kanisa zima na mbele ya watu wote wa Kimanga, akasema, na anayakumbuka maneno yake moja moja kwa sababu kila usiku yanakuja kumtembelea, minye nimemaliza, kazi ya kuzaa nimekuachia weye, akamtandikia mkwe wake ile ngozi mabegani, vigelegele mpaka barabarani, na yeye akarudi kukaa akijiona malkia, maana kwa watu wa mlimani hivyo ndivyo mwanamke anavyojifunga mwenyewe, ukishamkabidhi mke wa mwanao ngozi umefunga mlango, huzai tena, mama mkwe kuzaa pamoja na mkwe wake ni kichekesho cha kusimuliwa mpaka Minembwe, na wala hakudanganya siku ile, damu ilikuwa imekoma, miezi inapita hakuna kitu, akasema basi, kama mama yangu, yake pia iliisha mapema, akamshukuru Mungu kwa sauti, halafu baada ya harusi damu ikarudi mara moja tu, kimya kimya, kama mgeni aliyesahau kofia, ikachukua kofia yake ikaenda, na hapo katikati Twagirayezu akashuka kutoka Rurambo na kikohozi chake, eti anamfuata daktari, mume ambaye kwa kawaida anaona ng'ombe zaidi ya anavyomwona mke, akakaa mvua yote, akapona kikohozi, akapanda zake mlimani kule ambako simu inashika tu ukisimama juu ya jiwe, na yeye hapa ameachiwa hii, hii, kwa umri huu, magoti yanalia akiinama kufagia na tumbo linataka kuanza upya... nani alikuuliza, anaiambia, nani alikuita, nyumba imejaa, huoni, maana hata hilo lisingekuwa baya hivi kama hawa wawili wangebaki kwenye nyumba yao, lakini ziwa lilipanda, likaingia mpaka kitandani mwao kule chini, Cyusa akaja na godoro kichwani, mama tutakaa kidogo tu, na kidogo hicho bado hakijaisha.

Matumbo mawili chini ya bati moja, wazee wa Rurambo wangemtoa mmoja siku hiyo hiyo, wangempeleka kulala kwa ndugu, wanasema moja litamla mwenzake, na yeye, kama anasadiki ao hasadiki, hilo si neno, neno ni kwamba anawajua watakaosema, anajua hata nani ataanza, atakuwa Mama Anne, kwa huruma, kwa sauti ya chini, siku mtoto wa Chérie akiugua tu mafua, masikini, lakini si unajua ile nyumba kulikuwa na mimba mbili, na yule mkubwa ndiye aliyekula... na Cyusa atamtazama mama yake kwa jicho gani, hapana, usiku huu, usiku huu ameapa, ile dawa ipo, fundo dogo kwenye pindo la kitenge kiunoni, mizizi mikavu, yule mwanamke nyuma ya soko alimpa bila kumtazama usoni, hakuuliza jina, alimwambia tu kunywa usiku na ulale karibu na choo, akageukia wateja wake wa majani ya mihogo, na tangu siku ile kila jioni kuna kitu, mara mvua, mara wageni, mara Cyusa ana homa, mara yeye mwenyewe amesahau, amesahau, eti, mtu anasahau moto ulio ndani ya nguo yake... si kwamba anaogopa, aliogopa wapi, amezika watu, amevuka mito usiku na mtoto mgongoni, ni kwamba tu ngozi ile kwake ilibeba mmoja, Cyusa peke yake, baada ya Cyusa walikuja wawili ambao hawakungoja hata kupewa majina, aliwafunga kwenye kitambaa, Twagirayezu akachimba, na ngozi ikakaa juu ya mlango miaka yote hiyo ikikauka, akawa anaipaka samli, kila kiangazi anaipaka samli, kwa nini alikuwa anaipaka samli... nyamaza, funga hilo, shika beseni.

Mama Cyusa, anaita Mama Anne kutoka ndani, mukwe wetu anaendelea namna gani huko inje, na mwingine anasema mwache, anayetapika hivyo iko na mwanaume tumboni, wanacheka tena, na Nyiramahoro hawezi kujibu, akifungua mdomo kitakachotoka si neno, kwa hiyo anagonga beseni kwa kucha, ko ko, wajue watu wako hai, na hapo ndipo Chérie anainua kichwa, macho mekundu, uzi wa mate kidevuni, anamtazama mama mkwe wake kuanzia chini kwenda juu kama mtu anayepima kitenge, na anasema, na hiki ndicho cha ajabu, anasema kwa sauti ndogo, msichana huyu ambaye sauti ndogo hakuzaliwa nayo:

"Mama, ile ngozi iko moja tu. Sasa wa nani atabebwa wa kwanza, wangu ao wako?"

Masikio yanavuma... amesema nini, hakusema, amesema, na uso wake hauna hata haya, anapangusa kidevu, anaendelea palepale chini ya pumzi, kwamba anamsikia kila asubuhi nyuma ya choo, majogoo wenyewe siku hizi wanamngoja Mama aanze, na kwamba maziwa anayopewa ili ayanywe usiku baada ya kufunga anayaona yanakokwenda.

"Huu mgomba utatuzalia ndama, Mama."

Kofi, anawaza Nyiramahoro, kama ningekuwa na mkono mmoja huru, kofi moja la mlimani, lakini mikono yote iko kwenye beseni, na msichana naye amemshika kifundo cha mkono, amekishika kwa nguvu, vidole baridi, naye anaogopa, kumbe, hajui kitu, wa kwanza wake huu, anaogopa mpaka kucha zake zinachoma, na amejua tangu lini, tangu lini huyu nyoka mdogo wa Kimanga amejua na hajasema, mdomo ule ambao hauwezi kubeba siri ya bei ya nyanya umebeba hii, hakumwambia Cyusa, maana Cyusa angekuwa ameshalia, hakumwambia mama yake, maana Kimanga wote wangekuwa wameshacheka, na wala hajasema kwa huruma, angesema kwa huruma angemwagiwa beseni lote kichwani, amesema kama mwanamke anayeulizia zamu kwenye bomba la maji, nani wa kwanza... nani wa kwanza, unauliza, mtoto wa watu, wangu ndiye wa kwanza, wangu aliingia humu ndani wako bado hujamwota, wangu ni ndugu wa mume wako, umesikia, tumbo moja na Cyusa, maana yake wako akizaliwa atamkuta baba mdogo anatambaa, ao shangazi, atapiga magoti kumsalimu mtu asiye na meno, na weye, Chérie, na makucha yako ya rangi, utamfunga nepi shemeji yako, utamwosha makalio shemeji yako, na kumbembeleza, shemeji nyamaza, shemeji usilie... na kitu kinapanda kifuani, anadhani ndicho kile, kumbe ni kicheko, kicheko kibaya, chenye meno, hajacheka hivyo tangu ziwa lipande, anakibana, kinamtoka puani.

Halafu harufu, ndagala, pilipili, na upepo unaleta maziwa kutoka sebuleni, vyote pamoja, na koo linajaa, Mama Anne anaita mara ya pili, anataka kujua kama aje kusaidia, kiti kimesogea, pazia limetikisika, na fundo lile kiunoni linamchoma kama kijiti, mizizi, ni mizizi tu, mgomba utainywa, mgomba umezoea vya kwetu, na njoo basi Mama Anne, njoo na masikio yako, njoo umwone mama mwenye kufunga, na ngozi ni ya mama yangu, nilitoa, nitachukua, kwa kipaza sauti nitachukua kama hapana budi... beseni liko palepale, mikono palepale, msichana anainama upande wake kwa mara nyingine, anasogeza kichwa kidogo, nafasi ya kichwa kimoja, bila kutazama, na Nyiramahoro, ambaye amemeza tangu asubuhi, ambaye amemeza mwezi na zaidi, anaacha kumeza, acha wahesabu wenyewe huko ndani ni wangapi wanaotapika...