Mstari Usio na Jina

Nilikwenda Mbebe kufundisha kuandika programu, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kugusa kompyuta. Mradi ulinipa kompyuta sita, wanafunzi kumi na wawili, ukumbi wa kanisa na wiki sita. Mimi nimekulia Tunduma mjini, na ile milima ya Ileje niliipanda na kiburi ambacho leo kinanichefua.

Kompyuta ni mjinga mtiifu, niliwaambia siku ya kwanza. Itafanya ulichosema, si ulichokusudia. Walicheka. Tukuswiga, mama wa watoto watatu, aliyaandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari. Hakuna aliyeelewa haraka kama yeye.

Wiki ya tatu mbwa mwenye kichaa alipita kijijini akang'ata watu saba. Zahanati ikawachoma sindano ya kwanza. Zilizobaki zingeletwa kutoka wilayani kwa siku maalumu, na nesi Gwantwa hakuwa na namna ya kuzunguka milima yote kuwaita. Nikajitosa. Darasa langu, nilimwambia, litaandika programu ya kuwatumia ujumbe wa simu kila siku ya sindano ikifika. Nesi akawaagiza wagonjwa wakae nyumbani, wataitwa.

Programu ilikuwa fupi. Soma mstari, mtumie mwenye jina ujumbe, nenda mstari unaofuata. Ukikuta mstari usio na jina, orodha imekwisha, simama. Hicho kipande cha mwisho nilikitunga mwenyewe ubaoni na nilikipenda.

Kuingiza majina nilimpa Tukuswiga. Kwenye mstari wa nne aliandika "mzee wa nyumbani".

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Ni mkwe wangu, mwalimu. Baba yake mume wangu."

"Anaitwa nani?"

Jirani yake akaninong'oneza kwamba baba mkwe hatajwi. Kwa Wandali, wenyeji wa milima hiyo, mke akikutana naye njiani humpisha bila kumtazama, na jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mke huyo mpaka kufa. Nilishayasikia hayo kwa bibi yangu, nikayacheka.

Nikachukua karatasi ya nesi yenye majina ya waliong'atwa. "Mbonile," nikasoma kwa sauti, darasa zima likisikia. "Mbona mimi sijadhurika? Mashine haina mkwe, dada. Andika jina kamili, la sivyo futa."

Akafuta. Nafasi ikabaki tupu. Jioni alimtuma mumewe akamweleze mzee siku zake zote za sindano.

Siku ya sindano ya pili walikuja wanne, mzee Mbonile akiwamo. Nesi akauliza wengine wako wapi.

"Ujumbe umekwenda," nikamjibu, bila kufungua kompyuta. "Labda wameogopa mvua."

Sindano ya tatu wakaja wale wale wanne. Nesi akataka kutuma pikipiki ikawafuate waliobaki. Nikamwambia mashine haisahau mtu, asipoteze mafuta. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Mstari wa tano ulikuwa na jina la Brenda, binti wa miaka tisa aliyeng'atwa shavuni. Mama yake, Erica, alishinda na simu mkononi wiki zile zote akisubiri kuitwa. Wiki ya sita mtoto akaanza kuogopa maji. Hata kikombe kikisogezwa alikuwa akitetemeka. Alifariki Alhamisi.

Siku hiyo ndipo nilipofungua orodha. Kosa nililiona kabla hata sijakaa vizuri: programu ilisimama kwenye mstari wa nne, ule mtupu, kama nilivyoiamuru ubaoni. Wawili waliokuwa chini ya Brenda kwenye orodha walikimbizwa zahanati, wakawahiwa. Kwenye ripoti ya mradi niliandika kwamba aliyeingiza taarifa aliacha nafasi wazi. Ni kweli, aliiacha. Kijiji nacho kikasikia hivyo hivyo, na msibani Erica alikataa kupokea mkono wa Tukuswiga. Niliona. Nilikuwa nimekaa na wanaume, nikatazama chini.

Kesho yake nilikuwa nafunga kompyuta kwenye maboksi Tukuswiga alipokuja. Alisimama mlangoni, kitenge kimemfunika mpaka kichwani.

"Mwalimu, naomba unisamehe," akasema. "Ulinielekeza vizuri. Ningeandika lile jina, mtoto angekuwepo."

Kumwambia ukweli kungenichukua maneno machache tu, na hapakuwa na mtu mwingine ukumbini.

Nikamwambia nimemsamehe.