Sahani ya Kundi la Heshima

Mama Chadia alichinja majogoo wake wa mwisho kwa furaha. Mtoto wake, Chadia, alikuwa amerudi Kasongo na diploma ya sheria, tena kwa alama za juu, na Jumatatu angesimama mbele ya juge, hakimu wa kule Kabambare, kulitetea shamba lao lililoko Wamaza. Shamba hilo ndilo lililomsomesha. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu alikuwa analitaka.

Siku hiyo Kundi la Heshima lilikuja nyumbani kumpokea. Lilikuwa la wanasheria waliofaulu kama yeye, kila mmoja na utepe mwekundu begani. Walileta viti vyao wenyewe. Kimoja walikiacha kitupu, utepe umelazwa juu yake. Chadia aliuliza ni cha nani. Wakasema ni cha André, kisha wakageukia habari za mvua.

Desturi yao ni kula na mgeni sahani moja kabla ya kumfunga utepe. Chadia alimega ugali, akala. Walimtania kwamba maharagi ya chuo yalimwacha na njaa ya miaka, naye akacheka, akamega tena. Mkuu wao, wakili Maître Ruphin, alingoja mpaka Chadia aliposhiba. Ndipo akamfunga utepe.

"Sasa uko ndugu yetu," alimwambia polepole. "Ndugu hapingani na ndugu mbele ya juge. Basi Jumatatu usisimame. Ule mutu wa dhahabu, ni mimi niko namutetea."

Chadia aliushika utepe begani.

"Hamukuniambia mbele ya kula, Maître."

"André naye alisema vile. Akaenda kusimama."

"Akashinda?"

"Hakufika Kabambare."

Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye sahani. Chadia alilifungua fundo, akaulaza utepe wake juu ya ule wa André.

Mama yake akatokea mlangoni na bakuli la mchuzi, uso unang'aa, hajasikia lolote. Ruphin hakukasirika. Alimsifu kwa mapishi, akamwomba mchuzi kidogo.

"Mama Chadia," akasema, "Jumatatu muko na safari. Mutapita njia gani?"

"Ile ya siku zote, baba," mama alijibu, akimmiminia. "Tunatoka alfajiri, na pikipiki ya Yakubu."