Mwaridi wa Tuta la Muhogo

Mwaka ule wa operesheni, watu wa milimani walipoambiwa washuke wakae pamoja kijijini, Melania hakuililia nyumba. Nyumba ya udongo hujengwa tena. Alichokililia ni mwaridi uliokuwa kichwani mwa kaburi la mama yake, kule juu ambako ukifungua mlango asubuhi unaliona ziwa lote. Kaburi halipakiwi kwenye lori. Lakini mwaridi, alijiambia, unakatika.

Marehemu mama yake, Veneranda, aliupata kwa masista wa Ujiji alikokuwa akifua nguo. Ulikuwa kijiti tu, akakichomeka kwenye kipande cha mgomba kisikauke njiani. Melania naye akafanya vilevile. Akakata vijiti vyenye macho, akavichomeka kwenye mgomba, akaupakata safari nzima huku kuku wa watu wakimnyea miguuni. Mumewe, Oswald, alicheka mpaka akakohoa. Wenzake wamebeba vinu na mitungi, yeye kabeba miiba.

Walipopimiwa kiwanja, Melania akachimba nyuma ya jiko, akavisimamisha vijiti vyake, na kile kilichoonekana kizima kuliko vyote akakifunika kwa kioo cha kandili kisipigwe na upepo. Kandili bila kioo ni mzigo, kwa hiyo ugali na dagaa vikaliwa kwa moshi wa kibatari. Oswald alinung'unika, ndiyo, lakini hiyo ni haki ya mwanamume yeyote anayekula gizani.

Ubaya ulikuwa kwa Melania mwenyewe. Kila asubuhi alikivuta kijiti kimoja kimoja, akatazama chini kama kimetoa mizizi, akakirudisha. Subira hakujaliwa, na majonzi yaliila hata ile kidogo aliyokuwa nayo.

"Mama Martini," mumewe akamwambia, "muhogo hauchimbuliwi kila siku kuulizwa kama umeota."

"Huu si muhogo," akajibu, akavuta kijiti kingine.

Majani yakapukutika, vijiti vikaanza kuwa vyeusi. Siku moja akaving'oa vyote, akavitupa jalalani, akakirudisha kioo kwenye kandili, akalia kama siku ya msiba. Aliona amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii bila alama.

Mvua zikaja. Bwana shamba alitaka kila kaya iwe na muhogo wake, na kwa muhogo Oswald hakuhitaji kuhimizwa. Ulipofika wakati wa palizi, mtu na mkewe wakaingia shambani. Melania alikuwa ameinama kwenye tuta la mwisho, anang'oa magugu kwa mkono, mara kitu kikamchoma kidole. Akayatenga majani. Katikati ya miche ya muhogo palikuwa na chipukizi jekundu, lenye miiba. Kijiti chenyewe kilikuwa kimelazwa upande na kufukiwa nusu, sawasawa na pingili ya muhogo.

Akamgeukia mumewe. Oswald aliendelea kulima, anajifanya hakuona.

"Ulikitoa jalalani?"

"Kimoja kilikuwa bado kibichi," akasema. "Na mimi kijiti najua kukipanda kwa namna moja tu."

Melania akaketi pale pale kwenye tuta, akacheka na kulia kwa pamoja. Alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yao, na jioni akamwambia hivyo.

Miaka imekwenda. Kijiji kizima sasa kina miwaridi, na yote imetoka kwenye tuta lile. Watu wameisahau operesheni na lori na kelele zake, lakini Melania akisikia harufu ya waridi baada ya mvua huona mwanga wa kibatari na uso wa mumewe ukinung'unika nyuma ya moshi.

Oswald alipofariki, mwana wao Martini, mwenye mvi tayari, alikata kijiti akakisimamisha wima kichwani mwa kaburi. Mama yake akamwomba akitoe. Kisha mwenyewe akapiga magoti kwa taabu, akakilaza upande, akakifukia nusu, akakandamiza udongo kwa kiganja.

Kesho yake asubuhi Martini akavaa viatu, akaaga anakwenda kutazama kama kimeshika.

"Kaa unywe uji," mama yake akamwambia. "Baba yako hapendi kuchunguliwa."